Akiba, Imani na Jirani: Swali la Maadili katika Bajeti ya Kaya

Kuweka akiba ni kutenga sehemu ya pato la leo kwa ajili ya siku ambayo haijafika, na kwa kuwa hakuna binadamu aliyeahidiwa kuiona siku hiyo, tendo hili dogo la nyumbani, linalofanyika kwa daftari la shule, kwa kibubu au kwa simu ya mkononi, limebeba swali zito la dini na falsafa. Mwenye kuamini kwamba riziki hutoka kwa Mungu anaweza kuulizwa kwa nini anaifungia kana kwamba Mtoaji ataishiwa, na mwenye kuamini kwamba mali ni ya ukoo anaweza kuulizwa kwa nini anaizuia ilhali ndugu yake ana njaa leo. Maswali haya mawili huulizwa kwa namna mbalimbali katika nyumba za Kabasa na vijiji vingine vya Bunda, Butiama na Musoma, mkoani Mara, ambako Wajita, Wakwaya, Wakabwa, Wazanaki na Waikizu wanaishi kwa kilimo, mifugo na uvuvi, na ambako Wakristo na Waislamu hukaa katika mtaa mmoja na wakati mwingine katika ukoo mmoja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba akiba haipingani na imani, kwa sababu kila anayeweka akiba huwa amekwisha kumwamini mtu fulani, na kwamba uadilifu wa akiba hupimwa kwa kutazama ni nani anayeaminiwa na ni nani anayefichwa.

Yafaa kwanza maneno yenyewe yafafanuliwe. Kaya, kwa maana inayotumika hapa, ni watu wanaokula chungu kimoja, wawe wamezaliwa na mama mmoja au la. Bajeti ni mpango wa mapato na matumizi unaopangwa kabla fedha haijashikwa na kutumika, na wahenga walikwisha kueleza hatima ya kaya isiyo na mpango huo waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno akiba lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kile kinachofuata nyuma, kwa hiyo hata kabla ya kuingia katika hoja, neno lenyewe linaelekeza macho kwenye matokeo na kwenye wale watakaokuja baadaye. Kiswahili kimechukua pia kutoka Kiarabu maneno matatu ya kutaja makosa ya mwenye mali: ubahili ni kuzuia kile kinachostahili kutolewa, israfu ni kupita kiasi hata katika lililo halali, na ubadhirifu ni kutawanya mali mahali pasipostahili. Neno uchumi, kwa upande wake, limetokana na kitenzi cha Kibantu, kuchuma, ilhali neno la Kigiriki lililozaa istilahi ya uchumi katika lugha za Ulaya lilimaanisha utunzaji wa nyumba, hivi kwamba Kiswahili kiliutazama mkono unaochuma na Kigiriki kikaitazama nyumba inayotunza kilichochumwa. Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitenganisha utunzaji wa nyumba na utafutaji wa mali kwa ajili ya mali, akieleza kwamba ule wa kwanza una kikomo kwa kuwa mahitaji ya nyumba yana kikomo, na huu wa pili hauna mwisho kwa kuwa tamaa haina mwisho. Kwa kufuata tofauti hiyo, akiba katika insha hii ni mali iliyotengwa kwa lengo linalojulikana, na kulimbikiza ni kutenga mali bila lengo na bila kikomo.

Haja ya akiba inaonekana wazi zaidi katika maisha ya mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria kuliko katika maisha ya mwajiriwa anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, kwa sababu mwanga huwavuta wakusanyike karibu na wavu. Mbalamwezi inapokaribia kujaa, mwanga wa taa humezwa na mwanga wa mwezi, dagaa hutawanyika majini, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Kwa hiyo kalenda ya kaya hiyo ni mwezi wa angani wenye siku 29 na nusu, uliogawanyika katika siku za giza zenye kipato na siku za mbalamwezi zisizo na kipato. Ichukuliwe, kwa mfano, kaya inayopata shilingi 300,000 katika usiku 20 wa giza, yaani shilingi 15,000 kwa kila usiku wa kazi. Ikiwa kaya hiyo itatumia 15,000 kila siku, kwa unga, mafuta, sabuni, mboga na michango ya shule, siku kumi za mbalamwezi zitaikuta mikono mitupu. Na ikiwa itakula kwa usawa siku zote 30, kila siku itapata shilingi 10,000. Hesabu hii fupi inafundisha jambo la kimaadili, kwamba katika zile shilingi 15,000 zilizoshikwa asubuhi ufukweni, shilingi 5,000 hazikuwa mali ya siku hiyo, bali zilikuwa za siku nyingine ambayo haikuwa na mtu wa kuidai haki yake isipokuwa mwenye nyumba mwenyewe. Anayezitumia huwa amekopa kwa watoto wake bila kuwaarifu, na mbalamwezi inapofika hulazimika kukopa tena, mara hii kwa mkopeshaji wa mtaani ambaye riba yake imewafanya Watanzania waiite mikopo hiyo kausha damu.

Kwa mkulima wa pamba wa Bunda kipindi hicho ni kirefu zaidi, kwa maana fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, na inatakiwa ivuke hadi msimu mwingine pamoja na mbegu, dawa na palizi zake. Kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Buhemba, wilayani Butiama, hakuna msimu wowote unaotabirika, na hapo ndipo msemo wa ponda mali kufa kwaja hupata wasikilizaji wengi, kwa kuwa mtu anayeshuka shimoni bila kujua kama atapanda huona kuwa kesho ni ahadi hafifu mno ya kuwekewa fedha. Msemo huo usidharauliwe, kwani ndani yake mna ukweli ambao dini zote zimeukiri, kwamba mauti hayamngoji mtu akamilishe mipango yake. Kasoro yake ni kudhani kwamba anapokufa mwenye mali, watoto wake, mjane wake na deni lake dukani hufa pamoja naye.

Pingamizi la dini dhidi ya akiba linastahili kusikilizwa katika umbo lake lenye nguvu. Katika Injili, Yesu aliwakataza wanafunzi wake kuisumbukia kesho na akawaelekeza wawatazame ndege wasiokuwa na ghala, na katika Uislamu tawakali, yaani kumkabidhi Mungu mambo kwa moyo uliotulia, ni alama ya muumini. Hata hivyo vitabu hivyohivyo vinatoa mifano inayozuia tafsiri ya kivivu. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba Waisraeli walipewa mana jangwani kwa kiasi cha siku moja, na waliobakiza hadi asubuhi waliikuta imeota mabuu. Lakini siku ya sita waliamriwa wakusanye maradufu kwa ajili ya Sabato, na ile iliyobakizwa usiku huo haikuoza. Chakula kilikuwa kilekile na waliokiweka walikuwa walewale, ila mara ya kwanza waliweka kinyume cha agizo, pengine kwa hofu, na mara ya pili waliweka kwa agizo, kwa ajili ya siku ya mapumziko iliyo ya wote, na jambo la kuoza na kutooza linaweza kusomwa katika tofauti hiyo. Mapokeo ya Kiislamu nayo yanamtaja mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kamba na kutawakali, naye akaambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Zaidi ya hayo, sheria ya zaka, inayomtaka Mwislamu atoe asilimia 2.5 ya fedha iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kilichowekwa, na kukaa kwake mwaka mzima wa mwandamo wa mwezi, isingekuwa na maana yoyote kama kukaa na mali mwaka mzima kungekuwa dhambi. Kurani inamwelekeza mwenye mali akae katikati, asiufunge mkono wake shingoni wala asiukunjue wote, na mafundisho hayo yanaweza kusomwa kama kanuni ya bajeti.

Mfano mkuu wa akiba katika dini zote mbili ni Yusufu mwana wa Yakobo, aliyeitafsiri ndoto ya Farao kuwa miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa. Biblia inataja kwamba aliagiza sehemu moja ya tano ya mavuno itengwe, na Kurani inaeleza kwamba aliagiza nafaka iachwe katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, agizo ambalo mkulima wa mtama wa Mara analielewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa punje iliyo katika suke hukaa muda mrefu kuliko iliyopurwa. Lakini hadithi hiyo ina sehemu isiyohubiriwa mara nyingi. Kitabu cha Mwanzo kinaendelea kusimulia kwamba njaa ilipozidi, Wamisri walinunua nafaka hiyo kwanza kwa fedha, kisha kwa mifugo yao, na mwishowe kwa ardhi yao pamoja na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Akiba iliyotokana na mashamba ya watu wote, ikishikwa na mkono mmoja, iliokoa uhai wa watu ikachukua uhuru wao. Yule tajiri mpumbavu wa Injili ya Luka, aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, anafundisha jambo lilelile kwa upande mwingine, kwa kuwa katika simulizi yote haonekani akizungumza na mke, mtoto, kibarua wala jirani. Huzungumza na nafsi yake tu, na bajeti yake yote ameijadili na mtu mmoja, naye ni yeye mwenyewe.

Pingamizi la pili, la ukoo na jamii, lilipewa uzito wa kifalsafa na mtoto wa Butiama mwenyewe. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alichapisha mwaka 1962 andiko lake kuhusu ujamaa, akidai kwamba katika jamii ya jadi ya Kiafrika mtu hakuhitaji kujilimbikizia mali kwa kuwa utajiri wa jamii ulikuwa kinga yake, na kwamba tamaa ya kujilimbikizia huonyesha kwamba mtu hana imani tena na watu wanaomzunguka. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa na wanaoikumbuka kama siasa ya zama zilizopita, kwa sababu inahamisha swali la akiba kutoka kwenye tabia ya mtu mmoja na kulipeleka kwenye hali ya uaminifu katika jamii yake. Nyerere hakutetea utegemezi, kwani katika andiko hilohilo alisisitiza kwamba jamii hiyo ilimtaka kila mtu afanye kazi, na mgeni mwenyewe alipewa jembe siku ya tatu. Wala jamii hiyo haikuishi bila akiba. Ulezi ulihifadhiwa katika vihenge kwa miaka kadhaa, kwa kuwa punje zake ndogo na ngumu hazishambuliwi kwa urahisi na wadudu. Mihogo na viazi vitamu vilikaushwa vikawa udaga na michembe, kama vinavyoitwa katika Kanda ya Ziwa. Na mbegu iliwekwa mbali na chakula, ikaonwa kuwa si halali kuliwa hata kwa njaa. Jambo ambalo jamii hiyo haikulikubali ni akiba inayozaliwa na hofu ya jirani.

Ng'ombe ndiye anayedhihirisha zaidi jambo hili. Mfugaji mwenye ng'ombe wengi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hakuwaweka wote katika zizi lake, bali aliwagawa kwa marafiki na wakwe wawachunge na kunywa maziwa yao, ili ugonjwa, ukame au uvamizi wa sehemu moja usimwache bila kitu. Sotoka, ugonjwa ulioangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulionyesha kwamba hata kinga hiyo ina mpaka, na kwamba hakuna akiba ya duniani isiyoweza kuoza. Lakini baada ya msiba wa namna hiyo mtu aliyekuwa amewapa wengine ng'ombe wake alikuwa bado ana watu wa kumkumbuka, na aliyefungia mali yake peke yake alikuwa amepoteza vyote viwili. Hapa ndipo inapoonekana kwamba kila namna ya akiba ni namna ya kuamini. Mwenye kihenge humwamini jirani asiyeiba, aliyegawa ng'ombe humwamini rafiki, mwenye akaunti ya benki huiamini serikali na thamani ya sarafu yake, na anayechimbia fedha chini ya kitanda hajamwamini yeyote ila nafsi yake, ambayo nayo haijui itaamka kesho au la.

Kwa sababu hiyo vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyojulikana kama VICOBA na ambavyo mwanachama wake husema kwa mkato yuko kwenye kikoba, vinastahili kutazamwa kwa macho ya falsafa pamoja na ya uchumi. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliwasaidia wanawake wa vijijini kuweka na kukopeshana fedha zao wenyewe, kisha ukaenea katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya jamii vya namna hii kama daraja la nne la watoa huduma. Kiini cha kikoba ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne, hivi kwamba hakuna anayeweza kulifungua mpaka wote wakutane mbele ya kikao. Mwanachama anapoitwa kwa namba yake husogea, huweka fedha ya hisa zake mbele ya macho ya wenzake, huhesabiwa kwa sauti, na daftari lake hugongwa muhuri mmoja kwa kila hisa. Kando ya fedha ya hisa huwekwa mfuko wa jamii, ambao kila mmoja huchangia kiasi sawa na ambao hutumika kwa msiba na ugonjwa, na mwisho wa mzunguko hufika siku ya kuvunja kikoba, ambapo kila mtu huchukua hisa zake pamoja na faida. Katika chombo hicho kimoja zimo sifa zote ambazo maandiko na mila zinadai katika akiba: ina lengo, ina kikomo cha muda, haifichwi, na hata kabla ya faida kugawanywa imekwisha kumtambua mwenye kufiwa. Sanduku hilo halimdai mwanachama awe malaika, kwa sababu kufuli tatu ni ukiri kwamba binadamu hushawishika. Linachodai ni kwamba udhaifu wa mmoja uzibwe na uwepo wa wengine, na hilo ndilo fundisho la kale la dini kuhusu jumuiya.

Mtihani mgumu zaidi, hata hivyo, umo ndani ya nyumba. Katika kaya nyingi mume huacha matumizi asubuhi bila mke kujua pato lote ni kiasi gani, na mke naye hubana kidogokidogo katika hela ya mboga akaweka kibubu ambacho mume hakijui. Sheria ya Kiislamu humwajibisha mume kutoa nafaqa, yaani gharama za kumtunza mke na watoto, na humwachia mke mali yake mwenyewe. Mafundisho ya Kikristo huwaona wawili hao kuwa mwili mmoja. Lakini hakuna mapokeo kati ya haya mawili yanayoifanya nyumba kuwa soko la watu wawili wanaofichana bei. Yapaswa kusemwa kwa haki kwamba kibubu cha siri cha mwanamke mara nyingi ndicho kilichomlipia mtoto sare za shule au nauli ya hospitali pale pato la mume lilipoishia kilabuni, na si uadilifu kuulaumu ufichaji wake bila kuulaumu kwanza ubadhirifu uliouzaa. Kibubu cha namna hiyo ni ushahidi kwamba uaminifu umevunjika, na dawa yake ni mezani, kwa daftari moja linaloandikwa na kusomwa na wote wawili, ambalo watoto wakubwa nao wanaweza kuliona ili wajue kwa nini mwezi huu viatu vimesubiri.

Katika daftari hilo, nafasi ya ndugu na jirani haitakiwi kuachiwa masalio. Kaya isiyotenga fungu la kusaidia hukutwa na kila ombi kama mvamizi, ikatoa kwa kinyongo au ikadanganya kwamba haina, na kila msiba katika ukoo ukawa sababu ya kuvunja akiba ya chakula na karo. Kaya iliyotenga fungu hilo mapema, kama Mkristo anavyotenga fungu la kumi na Mwislamu anavyohesabu zaka yake, huweza kutoa bila kuumia na kusema kweli fungu linapokwisha. Kutoa ni moyo, si utajiri, kama wasemavyo Waswahili, lakini moyo nao huhitaji mpango ili mwezi unaofuata uwe bado na cha kutoa.

Lazima ikubaliwe pia kwamba mahubiri ya akiba yana mpaka wake. Mjane anayeuza sado moja ya dagaa kwa siku, na ambaye faida yake yote ni unga wa jioni hiyo, hawezi kuambiwa kwamba umaskini wake umetokana na kutojua kubana matumizi, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba pale tu ambapo haba yenyewe ipo. Kumlaumu mtu wa namna hiyo ni kuligeuza fundisho la hekima kuwa fimbo, na jamii inayomwacha peke yake imeivunja ile ahadi ambayo Nyerere aliitaja kuwa ndiyo kinga ya Mwafrika. Wajibu wa kuweka akiba huanzia kwa aliyebakiwa na kitu, na akiba yake hupata uhalali wake pale inapojua kwamba asiyebakiwa na kitu yupo.

Kuweka akiba, basi, ni tendo la imani linaloweza kutendwa vizuri au vibaya, kama sala inavyoweza kusaliwa kwa unyofu au kwa kujionyesha. Hutendwa vibaya linapofanywa gizani, bila kikomo, dhidi ya wengine. Hutendwa vizuri linapofanywa mbele ya wenza, kwa lengo linalotajika, huku fungu la mhitaji likiwa limeandikwa kabla hajabisha hodi. Kila kaya ya Kabasa, na kila kaya inayosoma maneno haya popote ilipo, inaweza kuanza jioni ya leo, kwa kufungua daftari mezani mbele ya wote wanaokula chungu kimoja, kuandika kilichopatikana bila kuficha, na kutenga kwanza sehemu ya siku ambayo mwezi utajaa na mitumbwi haitakwenda ziwani.